Tulivyomcheka Beki Wetu

Mipira ile niliipiga mimi. Naanza na hilo ili mtu asije akadhani naandika kutafuta wa kumtupia lawama. Kwa miaka kumi na minne nilikuwa kipa wa timu ya kata yetu ya Magomeni, hapa Kilosa, na kila jioni ya mazoezi, wenzangu wakishaanza kuvua njumu, kazi yangu ya mwisho ilikuwa kusimama golini na kumpigia beki wetu wa kati mipira ya juu. Naudondosha kutoka mkononi, naupiga kabla haujagusa ardhi, unapaa, naye anausubiri kwenye duara la kati, anaruka, anaurudisha kwa kichwa. Hamsini kila jioni, timu nzima ikihesabu kwa sauti. Wakati wa masika mpira ulinyonya maji mpaka ukawa mzito kama boga, na yeye alisema huo ndio mtamu. Nikimaliza hamsini ananiomba wa nyongeza, nami nampa.

Alikuwa mtu wa Vidunda, kule milimani, mtoto wa mwinjilisti, aliyesoma shule ya misheni na kutoka na mwandiko mzuri kuliko wa mwalimu yeyote niliyemjua. Alishuka Kilosa akiwa kijana kutafuta kazi ya useremala, akapata banda jirani na stesheni ya zamani, akaoa msichana wa kwao, akabaki. Mimi ni wa hapa hapa bondeni, ukoo wa wakulima wa mahindi na mpunga, watu wa msikitini. Kati ya watu wa kwao na sisi kuna utani wa tangu enzi za mababu. Siku ya kwanza alipokuja uwanjani, kabla sijajua hata jina lake, aliniambia, "Kumbe nyie wa bondeni mnaweza kushika kitu kwa mikono? Nilidhani mikono yenu ni ya kuombea chumvi tu." Nikajua nimepata mtani.

Utani una sheria moja kubwa: hakuna kukasirika. Mtani anakutukana mbele ya wakwe zako nawe unacheka. Anaingia msibani kwenu, anavaa kanzu ya marehemu, anatembea kama marehemu alivyokuwa akitembea, na mjane aliyekuwa analia anajikuta anacheka. Ataingia kaburini na kugoma kutoka mpaka apewe kuku. Ni desturi nzuri, sikatai. Misiba mingi ingetumaliza bila watani. Lakini mtu ambaye kila asemalo ni mzaha, siku akianza kuumwa ndani ya kichwa utamjuaje? Sisi hatukumjua. Tulimcheka karibu miaka ishirini, akili yake ikiondoka mbele ya macho yetu kidogo kidogo, na ninapoandika haya nina hasira ambayo sehemu yake kubwa sina pa kuipeleka isipokuwa kwangu mwenyewe.

Ilianzia Msowero, au mimi naona ilianzia huko. Tulikwenda kucheza mechi ya kirafiki kwenye uwanja wa shule ambao asubuhi ng'ombe walikuwa wamelala nusu yake. Kipindi cha pili ikapigwa kona. Mpira ule ulikuwa wangu, nilipaswa kutoka niudake. Sikutoka. Nilipaza sauti, "Wako!" kama nilivyozoea, naye akaruka pamoja na mshambuliaji wao, kichwa kwa kichwa. Mlio wake niliusikia kutoka golini, mlio mkavu, wa mbao mbili. Mshambuliaji alishika paji la uso akawa anapiga kelele. Yeye hakupiga kelele. Alianguka kifudifudi, na mikono haikujaribu hata kumkinga.

Timu yetu haikuwa na daktari. Ilikuwa na ndoo. Maji ya ndoo ile yalitibu goti, kifundo cha mguu, kiuno na kichwa. Nikammwagia. Alifungua macho akanitazama kwa muda, kama mtu anayesoma maandishi madogo. Nikamwonyesha vidole viwili, maana ndivyo tulivyoona wanaojua wakifanya, nikamuuliza ni vingapi. Akasema, "Vidole vya mwizi mimi sihesabu." Tulicheka sote, na refa alicheka. Mwalimu wetu wa timu akasema mtu anayetania hivyo ni mzima, mwinueni. Akainuliwa, akacheza dakika zilizobaki, akapiga vichwa vingine sijui vitano, sijui saba. Mpaka leo sijui kama vile vidole alikuwa anaviona.

Tulirudi nyuma ya lori. Tulipoanza kuona taa za mjini akaniuliza, "Leo tumecheza na nani?" Tukapasuka kwa kicheko. Baada ya muda akauliza tena, sauti ile ile, uso ule ule: "Leo tumecheza na nani?" Tukacheka zaidi, kwa sababu mzaha unaorudiwa na mtu asiyecheka ndio mzaha wa mtani hodari. Aliuliza mara nne. Mara ya nne mmoja wetu akamwambia tumecheza na Brazili. Akaitikia, akaonekana kuridhika na jibu.

Wiki mbili zilizofuata hakuja mazoezini. Mwalimu alikuwa na daftari la mahudhurio, na kila asiyekuja aliandikwa pamoja na sababu yake: malaria, goti, shamba, msiba. Mbele ya jina lake pakaandikwa "kichwa", na mwenzetu mmoja akachora pembeni kichwa chenye pembe za ng'ombe. Malaria kwetu ilikuwa ugonjwa. Goti lilikuwa ugonjwa, tena wa heshima. Lakini kuumwa kichwa kwa mtu ambaye kazi yake ni kupiga vichwa kulikuwa kichekesho. Aliporudi alikimbizwa mizunguko kumi ya utoro, kwa kuwa mwalimu alisema kichwa si sababu. Alikimbia yote kumi. Kwenye mzunguko wa saba alisimama nyuma ya goli langu akatapika, akafuta mdomo, akaniambia ni harufu ya watu wa bondeni. Kisha nikampigia hamsini zake.

Sitadanganya kwamba alibadilika siku moja. Ilikuwa miaka. Alivunjika pua, alishonwa nyusi zote mbili, aliangukia kisogo kwenye viwanja vigumu vya kiangazi mara ambazo hakuna aliyezihesabu, na kila mara ilikuwepo ndoo na ulikuwepo mzaha. Mvi zikatuota. Timu ikachukuliwa na vijana, sisi tukahamia maveterani, tunacheza Jumapili matumbo yakitutangulia. Yeye peke yake hakuota tumbo, na bado alikuwa anaruka. Watu walikuja uwanjani kumwona mzee yule akiruka.

Mzee mmoja wa mtaani kwetu alimwagiza mlango. Alipouleta ulikuwa mfupi kwa shubiri nzima. Ukiufunga, mtu aliye nje anakuona kichwa. Mwenye nyumba alifoka, ila alifoka mbele ya watu, na mtani wangu akamjibu, "Nimepima kwa kimo cha ukoo wenu. Nani kati yenu atafika pale juu?" Kicheko kikamaliza ugomvi. Yule mzee mwenyewe alikitembeza kisa hicho mwaka mzima, akaziba pengo kwa kipande cha bati. Ikafuata meza ambayo miguu mitatu ilikuwa sawa na wa nne una mambo yake. Likafuata dirisha. Fundi ambaye zamani alipima kwa jicho na hakukosea, sasa anapima kwa futi mara tatu na anakosea, na sisi hatuulizi kwa nini. Sisi tunakaa tayari kusikia atajitetea kwa neno gani.

Siku za mazoezi ya maveterani zilikuwa Jumatano na Jumamosi. Akaanza kwenda Alhamisi. Watu wanaokatisha uwanjani walimwona amekaa peke yake karibu na goli, njumu miguuni, amezifunga kamba vizuri, anasubiri. Tulipomuuliza akasema, "Mimi nakuja kufanya mazoezi siku ambayo wavivu hawapo." Ikawa hadithi ya kijiwe chetu cha kahawa. Mimi ndiye niliyekuwa bingwa wa kuisimulia, kwa sababu niliweza kuigiza sauti yake.

Kisha akafa baba yangu mdogo. Mtani wangu alikuwepo mazikoni. Alishika jeneza kwa mkono wake, alichota udongo kwa koleo. Siku ya tatu, tunaanua tanga, akaingia uani watu wamejaa, akasimama katikati, akatazama huku na huku. "Mwenyewe yuko wapi? Mbona haji kunisalimia? Ana randa yangu, aliiazima kwangu." Kina mama walicheka wakashika mbavu. Mjane, mama yangu mdogo, aliyekuwa hajala tangu siku ya kwanza, alicheka mpaka akaomba uji. Watu wakasema huyu ndiye mtani, wengine wanajaribu tu.

Jambo hili linalofuata sikumwambia mtu kwa miaka mingi. Baadaye mchana ule nilikuwa nyuma ya jiko nachanja kuni, peke yangu. Akanifuata. Akasimama karibu yangu, akaniuliza polepole, kwa adabu, "Hivi baba mdogo amesafiri?"

Mtani hatanii mahali pasipo watu. Utani ni wa hadhira; wawili mkiwa peke yenu nyuma ya jiko mnaongea habari za mvua. Nilijua hivyo. Nilimtazama nikaona anasubiri jibu, macho yake yana wasiwasi wa kweli. Nikampiga bega, nikacheka kwa nguvu, nikamwambia, "Umezidi sasa, we mtu wa milimani." Naye, aliponiona nacheka, akacheka. Nikaendelea kuchanja kuni.

Ndiyo maana mkewe alipokuja nyumbani kwangu sikushangaa kama nilivyojifanya kushangaa. Alikuja asubuhi, akakataa chai, akakaa ukingoni mwa kiti. Ilikuwa Ijumaa, na Jumapili maveterani wetu walikuwa wanakwenda kucheza Mikumi.

"Shemeji," akasema, "ndugu yako haumwi, lakini si mzima. Juzi kala sahani mbili za maharage, kisha karusha sufuria ukutani anasema tangu asubuhi nimemnyima chakula. Ananiuliza watoto wamerudi shule, na watoto wana watoto wao. Anashika kichwa, anaumia. Nikisema, kaka zangu wananiambia mbona huku nje ni mcheshi yule yule. Mchungaji ananiambia nipunguze maneno. Wote wanaona nimemchosha mimi."

Nikamwambia pole.

"Pole sitaki, shemeji. Nataka asicheze tena mpira. Sina elimu hiyo, lakini kila akirudi mpirani wiki nzima inakuwa mbaya. Mimi nimemwambia, hasikii. Mchungaji kamwambia, kajibu kwa heshima na akaenda. Wewe ni mtani wake. Mtani ndiye anayeweza kumwambia mtu kwamba ananuka, naye akaenda kuoga."

Nikamwahidi nitamwambia. Jioni nikaenda bandani kwake. Palikuwa na wanaume watatu wamekaa juu ya magogo, wanapiga soga. Ningeweza kuwaomba watupishe. Ningeweza kumwita pembeni, tukakaa nyuma ya rundo la mbao, nikamshika mkono na kumwambia ndugu yangu, mimi ninaogopa. Badala yake nilisimama mlangoni nikasema kwa sauti, "We mtu wa milimani, hicho kichwa kimeshaoza, hata nyani wa kwenu hawakitaki tena. Jumapili baki nyumbani, tutakuletea matokeo."

Wale watatu walicheka. Akanijibu bila kuinua macho kwenye randa, "Kikioza nitaazima chako, hakijawahi kutumika."

Nilicheka, nilicheka kwa dhati kabisa, maana lilikuwa jibu zuri. Nikarudi nikamwambia mkewe kwamba nimeshamwambia. Mzaha mzaha hutunga usaha. Tulifundishwa msemo huo shuleni, tukauandika kwenye madaftari, tukapigiwa vema. Urafiki wa miaka thelathini, na hatukuwa na hata sentensi moja ya kuambizana isiyokuwa na matusi ndani yake. Tulijiona matajiri wa maneno, kumbe tulikuwa mabubu.

Jumapili tukapanda gari la kukodi, tukapita kijiji cha Ulaya, tukafika Mikumi jua likiwa kali. Yeye alikuwa amechangamka. Mechi haikuwa na lolote la kusimulia mpaka kona moja ya kipindi cha pili. Nilikuwa golini bado, na tumbo langu hili. Safari hii sikupaza sauti yoyote. Nilijaribu kutoka mwenyewe, nikachelewa, na yeye hakuhitaji kuitwa. Miili yetu hujifunza mambo na kuyashika hata kichwa kikishayaacha. Akaruka, akagongana na bega la mtu, akaanguka, akainuka upesi kabla hata ndoo haijafika.

Kisha akatembea kwenda upande wa pili wa uwanja, akajipanga na mabeki wa Mikumi. Mtangazaji wa mechi mwenye kipaza sauti akapiga kelele, "Amesajiliwa! Amesajiliwa dirisha dogo!" Watu wakaviringika. Akasimama pale na wapinzani, mikono kiunoni, anatazama goli letu kana kwamba ndilo la kushambulia. Mmoja wa wenzetu aliyekuwa benchi alimrekodi kwa simu, na kabla filimbi ya mwisho haijalia video ilikuwa imeshafika kwenye grupu la maveterani, na chini yake safu za vikatuni vinavyolia kwa kucheka. Kimoja ni changu. Nilikituma baada ya mechi, nikiwa bado na glavu ya mkono wa kushoto.

Nilipoinua uso kutoka kwenye simu hakuwepo.

Tulidhani amekwenda kunawa. Tukadhani yuko kwenye nyama choma. Tulipokuwa tayari kuondoka bado hayupo, ndipo tukaanza kuuliza, na dereva mmoja wa bodaboda akasema amemwona mtu mwenye jezi kama zetu anatembea kwa miguu kando ya barabara kuu, njumu shingoni, anaelekea hifadhini. Anayekwenda Vidunda kutoka Mikumi hushika njia ya Kidodi. Yeye alishika ile ya Morogoro, inayokatisha katikati ya mbuga, malori yanakwenda kasi na tembo wanavuka wanapotaka.

Tulimkuta jua linakaribia kuzama. Alikuwa bila viatu, soksi zimechanika, anatembea mwendo wa mtu mwenye safari. Tuliposimamisha gari, mmoja wetu akaanza kucheka kwa mazoea, kisha akaacha. Mimi niliteremka, nikamfuata. Nilitaka anijibu. Nilitaka anitukane, niisikie ile sauti, nijue yumo ndani. Nikamwambia, "We mtu wa milimani, Vidunda imehamia mbugani lini?"

Alisimama. Akanitazama, akashusha njumu kutoka shingoni, akainamisha kichwa kidogo kama alivyofundishwa na wazazi wake. Amenizidi mwaka mmoja.

"Shikamoo," akasema. "Samahani, mzee, hii njia inafika Vidunda? Mama ananisubiri, nimechelewa."

Mama yake alikufa zamani. Mimi ndiye niliyeingia kaburini kwake nikagoma kutoka mpaka waliponiletea jogoo. Nilisimama pale kando ya lami, lori likapita likatutikisa, na nikaitikia marahaba. Nikamshika mkono, nikampandisha garini.

Mwezi uliofuata tukapata habari kwamba daktari wa ubongo na mishipa ya fahamu atakuja hospitali moja ya Mikumi kwa siku chache. Tukaenda watu watatu: yeye, mkewe, na mimi. Daktari alikuwa dada mdogo, angeweza kuwa binti yangu. Alituamkia wote, akampima mtani wangu macho, akamtembeza kwenye mstari, akampa maneno matano ayakumbuke. Alikumbuka moja, akalitania. Kisha daktari akamsikiliza mkewe habari za nyumbani. Mwishowe akanigeukia mimi. "Mzee, wewe umekuwa naye uwanjani na mtaani. Nieleze mambo uliyoona yamebadilika, kuanzia ya zamani kabisa. Usiache kitu."

Nikaanza na Msowero. Sijui kusimulia habari zake kwa namna nyingine, kwa hiyo nilisimulia kama ninavyosimulia kijiweni, na vituo vyake, na sauti yake, na mahali pa kungoja kicheko. Vidole vya mwizi. Tumecheza na nani. Nilipofika mahali pa kungoja kicheko nikangoja, na daktari akaandika. Akauliza, "Alizirai kwa muda gani? Alitapika siku hiyo au baadaye?" Nikaendelea na mlango mfupi. Akaandika. "Hiyo ni miaka mingapi baada ya Msowero?" Nikamwambia meza, nikamwambia Alhamisi, nikamwambia randa ya baba mdogo. Nikamwambia na ya nyuma ya jiko. Sauti yangu ilikuwa imeshapungua, kuigiza nimeacha. Vichekesho vyote vya maisha yetu vilikuwa vimepangwa kwenye karatasi ya daktari, kimoja chini ya kingine, kwa mwaka wake, na havikuchekesha. Ilikuwa historia ya ugonjwa, na mimi nilikuwa naijua kwa moyo kuliko mtu yeyote duniani.

Aliyekuwa anacheka chumbani ni mtu mmoja. Mtani wangu alikuwa amekaa kati yetu, anasikiliza, na kila nilipofika mahali pa kicheko anacheka, anapiga goti. Aliona ni visa vya mtu fulani mchekeshaji sana.

Daktari akaweka kalamu. Akasema hawezi kuapa kwamba ni mpira peke yake, kuna vipimo vya kufanya kwanza, lakini kichwa hiki kimegongwa mara nyingi mno na dalili ni za muda mrefu mno. Akasema yako mambo ya kumsaidia aishi vizuri, ila kilichokwisha kupotea hakirudi. Nikamuuliza kama angeletwa mapema. Nikaona ananihurumia. Akasema jambo la kwanza ambalo wangemwambia ni kuacha kupiga vichwa.

"Wakati ule wote," akauliza, taratibu tu, bila ubaya, "nyie mlidhani ni nini?"

"Utani," nikasema.

Mkewe alikuwa amekaa na mkoba magotini, ananitazama. Siku zote nilidhani akiijua ile ya nyuma ya jiko atanilaani, na ningeipokea laana yake. Hakunilaani. Aliongea kwa sauti ya chini kama mtu anayeuliza bei ya kitu ambacho hakinunui.

"Miaka yote hii nimeambiwa ni mimi ninayeyaona peke yangu. Nikafika mahali nikaamini. Kumbe mlikuwa mnayaona, shemeji. Mlikuwa mnayaona wote, na mkayafanya ya kucheka."

Mumewe akasikia neno la kucheka. Akatutazama mmoja mmoja ili ajue ni lipi limechekesha, akacheka.